Nani Ashike Mizani? Malumbano ya Kishairi na Waamuzi Wake katika Historia ya Kiswahili

Neno mizani lina kazi mbili katika Kiswahili. Sokoni ni chombo cha kupimia uzito. Katika ushairi ni hesabu ya silabi zinazoujaza mshororo. Maana hizi mbili hukutana kila panapozuka malumbano. Mlumbi hupimwa kwa uzito wa hoja yake, na papo hapo hupimwa kwa silabi zake. Swali ambalo halijapewa nafasi ya kutosha katika historia ya fasihi ya Kiswahili ni la nani aliyeishika mizani hiyo, na aliishika kwa ukali kiasi gani.

Swali hili si dogo. Tangu zama za Muyaka bin Haji hadi mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970, Waswahili wamejadiliana kwa tungo juu ya vita, dini, siasa, ndoa, mavazi na lugha yenyewe. Katika kila zama alikuwapo aliyesimama mlangoni: safari hii hadhira, safari ile mhariri, safari nyingine chama au mahakama. Mhadhara huu unadai kwamba malumbano hayo yalistahimili maneno makali mno pale ambapo msimamizi alilinda namna ya kusema na haki ya kujibiwa. Yalinyong'onyea pale alipoamua mapema nani ashinde. Dai hilo lina kasoro yake, maana namna ya kusema nayo yaweza kugeuzwa kuwa ukuta, na kasoro hiyo itaonekana kadiri mjadala unavyoendelea.

Beti zilizovuka bahari

Mwanzoni mwa karne ya 19 uhasama kati ya Mombasa ya Wamazrui, wakishirikiana na Pate, na watu wa Lamu ulifikia kilele katika Vita vya Kuduhu, vilivyopiganwa Shela katika kisiwa cha Lamu. Lamu ilishinda, kisha ikatafuta ulinzi wa Sayyid Said wa Omani. Hayo yanajulikana kwa kila mwanafunzi wa historia ya pwani. Lisilokumbukwa sana ni kwamba sambamba na mapigano ya silaha palikuwa na mapigano ya beti. Muyaka wa Mombasa (takriban 1776–1840) na Bwana Zahidi Mngumi, mmoja wa viongozi wa Lamu, walikuwa miongoni mwa waliorushiana tungo za vitisho, kejeli na majigambo. Sehemu kubwa ya tungo hizo imekusanywa na Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff katika Mashairi ya Vita vya Kuduhu (1995).

Msomaji wa leo hushangazwa na ukali wake. Hapakuwa na mtu aliyekaa katikati kuamua kwamba neno hili limepita mpaka na lile halijapita. Hata hivyo, haikuwa vurugu. Mwenye kutaka kumjibu mwenzake alilazimika kujibu kwa arudhi ileile, na mara nyingi aliyachukua maneno ya mpinzani akayapindua yamrudie. Ili kuyapindua maneno ya mtu ni sharti kwanza umsikilize vizuri. Arudhi ilimlazimisha adui kuwa msikilizaji makini, jambo ambalo amri za waamuzi huwa hazilipati kwa urahisi. Tena aliyekasirika hata akaharibu vina alikuwa ameshindwa kabla ya kujibiwa.

Sheria ya pili ilikuwa fumbo. Tusi lililofumbwa vizuri halikumfikia kila mtu; lilimfikia aliyestahili kulifumbua. Katika gungu la kufumba la Lamu stadi hiyo ilikuwa mchezo kamili: mmoja alitoa fumbo kwa utungo, mwingine akalifumbua kwa utungo. Fumbo liliwapa walumbi uhuru na kinga kwa pamoja, kwa kuwa msemaji angeweza kusema yote huku akidai kwamba hakusema lolote.

Hapana budi kuongeza tahadhari moja. Tungo za Muyaka zilizotufikia ni zile zilizohifadhiwa na kumbukumbu za watu wa Mombasa, na hasa na Mwalimu Sikujua, aliyemsaidia mmisionari William Taylor kuzikusanya katika robo ya mwisho ya karne hiyo. Zilichapwa na William Hichens mwaka 1940, karne nzima baada ya mtunzi kufariki. Kwa hiyo hata hapa mhariri alikuwapo. Alikuwa usahaulifu, na yeye hakuwahi kueleza sababu za kulikataa shairi la mtu.

Meza ya mhariri

Gazeti lilibadilisha mambo kwa sababu lilikuwa na meza, na nyuma ya meza alikaa mtu. Mambo Leo, lililoanzishwa mwaka 1923 na Idara ya Elimu ya Tanganyika, lilikuwa jarida la serikali ya kikoloni na halikuwa mahali pa kuihoji serikali hiyo. Juu ya jambo hilo mlango ulifungwa. Ndani ya mlango, hata hivyo, palikuwa na ukumbi mpana kuliko inavyodhaniwa na wale wanaolitaja gazeti hili kama chombo cha propaganda tu.

Mfano mzuri ni mabishano ya dansi katika miaka ya 1940 na 1950. Wasomaji waliandika barua na mashairi kuuliza kama vijana wa mjini waliovaa suti na magauni, wakacheza wawili wawili mwanamume na mwanamke, walikuwa wakionyesha ustaarabu au wakiivunja heshima. Mmoja alisema dansi ni maendeleo, mwingine akasema ni aibu iliyovishwa tai. Aliyeshambuliwa alijibu katika toleo la baadaye, na wasiohusika wakajiunga. Neno ustaarabu lenyewe liligeuka uwanja wa vita, kwa kuwa kila upande ulidai kulimiliki. Ni vigumu kutaja mahali pengine katika Tanganyika ya wakati huo ambapo karani, mwalimu wa shule ya kijijini na mwanafunzi waliweza kubishana hadharani, kwa lugha yao, juu ya maana ya kuwa mtu wa kisasa.

Swali la nani hakusikika nalo ni la lazima. Wanawake, ambao mavazi na mwenendo wao ndio uliokuwa kiini cha mabishano, walisikika kwa nadra. Mtu wa kijijini asiyejua kusoma hakusikika kabisa. Aidha, mwanahistoria anayeketi na matoleo ya Mambo Leo anayaona yaliyopita mezani tu. Barua iliyotupwa kapuni haikuacha alama. Ndiyo sababu kila hukumu juu ya upole au ukali wa mhariri wa zama hizo lazima itolewe kwa sauti ya chini: ushahidi wote umepitia mikononi mwa mshtakiwa.

Waliofungiwa mlango hawakunyamaza. Mwaka 1937 Erica Fiah, Muganda aliyeishi Dar es Salaam na kufanya biashara huko, alianzisha Kwetu, gazeti la Kiswahili lililomilikiwa na Mwafrika mwenyewe. Yale ambayo meza moja ilikataa kuyapokea yalitafuta meza nyingine. Jambo hilo litarudi tena na tena katika historia hii, na wasimamizi wa mijadala wangefanya vyema kulikumbuka.

Lugha yenyewe nayo ilipata msimamizi wakati huohuo. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930, ikiwa na Frederick Johnson kama katibu wake wa kwanza na bila mjumbe hata mmoja Mwafrika, ilikagua lugha ya vitabu vya shule kabla ya kuvipa kibali. Watunzi wa Mombasa na Lamu walijikuta lahaja zilizobeba malumbano ya kale haziko tena katika Kiswahili kilichoitwa sanifu. Kisa hicho kimesimuliwa kwingi, na hapa kinatosha kutajwa.

Kutoka kitabu cha sheria hadi ngonjera

Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Kilikuwa kitabu cha mafunzo. Kilieleza kwa utaratibu yale ambayo malenga wa pwani waliyajua kwa masikio: vina vya kati na vya mwisho, mizani kumi na sita zilizogawanyika nane kwa nane, mishororo minne katika ubeti. Ni muhimu kukumbuka kwamba Amri Abedi alizaliwa Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mbali sana na Mvita. Kwake sheria hazikuwa kizuizi. Zilikuwa ufunguo kwa kijana wa bara ambaye hakuwa na babu malenga wa kumfundisha barazani. Baada ya kitabu hicho, yeyote aliyejua kusoma aliweza kuingia uwanjani, na kurasa za mashairi za magazeti zilishuhudia kwamba waliingia wengi.

Lakini kitabu cha sheria humzaa hakimu. Kanuni ambayo zamani iliishi katika sikio la hadhira sasa ilikuwa na ukurasa wa kuonyeshwa kwa kidole. Hatua chache tu zilibaki kutoka "hivi ndivyo shairi linavyotungwa" hadi "hilo lako si shairi."

Kabla hatua hizo hazijakamilika, lilitokea jambo jingine lenye kufundisha zaidi. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, Rais Julius Nyerere aliwahimiza washairi waeneze siasa mpya ya nchi. Mathias Mnyampala, mshairi wa Ugogo na mwanachama wa UKUTA, yaani Chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, aliutikia wito huo kwa kuuendeleza utanzu wa ngonjera. Ngonjera ni majibizano yanayoghaniwa na kuigizwa mbele ya watu. Upande mmoja huuliza, hupinga au husema kwa ujinga. Upande wa pili hueleza. Mnyampala alifariki mwaka 1969, na Ngonjera za UKUTA zilianza kutoka mwaka 1970. Katika muda mfupi ngonjera zilienea katika shule, sherehe za kitaifa na mikutano ya chama kote Tanzania.

Kwa umbo, ngonjera ni mrithi halali wa majibizano ya kale. Ina vina, ina mizani, ina zamu. Pia ilifanya kazi kubwa: iliwafikisha maelfu ya watoto kwenye ushairi kwa njia ya kuusema, si ya kuusoma kimyakimya. Kitu kimoja tu kimebadilika, na kitu hicho ndicho roho ya malumbano. Mshindi anajulikana kabla ya ubeti wa kwanza. Kabaila, mvivu au mpinga Ujamaa hupewa beti zake, huzisema kwa madaha, kisha hukiri kwamba amekosea. Hakuna mtoto wa shule aliyewahi kukaa kwenye benchi akiwa na wasiwasi kwamba safari hii kabaila angeshinda.

Hapa udhibiti umekuwa kamili kiasi cha kutoonekana. Mhariri wa Mambo Leo aliweza kuikataa barua ya mtu. Mtunzi wa ngonjera alimtungia mpinzani wake maneno yote. Pengine ndiyo maana zile ngonjera zinazosomeka vizuri hadi leo ni zile ambazo mtunzi alighafilika kidogo akampa mpinzani hoja nzuri. Kwingineko mjinga ni mjinga mno, na ushindi dhidi yake haumpi mwelevu sifa yoyote.

Upande wa pili wa mpaka, katika Kenya, ukali ulichukua sura nyingine. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla wa Mombasa aliandika kijarida Kenya: Twendapi? kuihoji serikali iliyokuwa ikikibana chama cha upinzani. Alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972. Gerezani alitunga mashairi aliyoyaandika kwa siri katika karatasi za msalani, nayo yakatoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata diwani hiyo ilipewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani ilitunzwa kwa jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi. Waamuzi wa fasihi na waamuzi wa mahakama walikuwa wamesoma mwandishi mmoja wakatoa hukumu mbili. Ikumbukwe pia kwamba kijarida kilichomtia gerezani kilisema waziwazi, ilhali mashairi ya gerezani yalirudia stadi ya kale ya fumbo. Kwa lugha hiyo alisema mengi ambayo kwa nathari yasingalipita.

Na Lamu? Katika kampeni za uchaguzi za 1974 na 1975 pande zilizoshindana zilijibizana kwa tungo zilizokuja kujulikana kama Kimondo, mmoja wa watunzi wake akiwa Mahmoud Ahmed Abdulkadir, maarufu kwa jina la Ustadh Mau. Tungo hizo zilirekodiwa katika kaseti, na kaseti haina meza ya mhariri. Zaidi ya karne moja na nusu baada ya Kuduhu, watu wa Lamu walikuwa wamerudi mahali walipoanzia: mashambulizi makali, fumbo zito, umma ukisikiliza na kuhukumu. Kimya cha magazeti hakikuyazima maneno. Kiliyahamisha tu.

Mgogoro

Mwaka huohuo wa 1974 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa Kichomi, diwani ambayo tungo zake nyingi hazikufuata vina wala mizani. Ndipo hukumu iliyokuwa ikingojea tangu 1954 ilipotolewa kwa sauti kubwa. Watetezi wa arudhi walisema kwamba tungo hizo si mashairi. Hawakusema ni mashairi mabaya. Walisema si mashairi kabisa, na tofauti hiyo ndiyo inayoufanya mgogoro huu uwe somo juu ya usimamizi wa mijadala. Shairi baya linaruhusiwa kuingia na kushindwa. Kisichokuwa shairi hakiingii.

Katika joto la mabishano ilidaiwa hata kwamba watu wa bara waliikimbilia mitindo huru kwa kuwa hawakuiweza arudhi. Dai hilo lilikuwa la ajabu katika nchi ambayo sheria zake za ushairi ziliandikwa na mtu wa Ujiji na ngonjera zake na Mgogo. Lilijibiwa kwa njia bora kuliko hoja. Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi walitoa Malenga wa Bara mwaka 1976. Jina lenyewe linasikika kama jibu kwa Malenga wa Mvita, diwani ya Ahmad Nassir Juma Bhalo iliyotoka mwaka 1971. Ndani yake wamo wote wawili: shairi la vina na mizani, na shairi huru. Waliuonyesha ufundi wa arudhi kwanza, ndipo wakadai haki ya kuiacha. Katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu (1979) wakaeleza kwa kirefu kwamba vina na mizani ni mapambo na desturi yenye thamani, lakini si kiini cha ushairi.

Jumanne Mayoka aliutetea upande wa pili katika Mgogoro wa Ushairi na Diwani ya Mayoka (1984), na Saadani Kandoro, mmoja wa waasisi wa TANU mwaka 1954 na mtungaji wa miaka mingi, alisimama pia na wanaarudhi. Si haki kuwasawiri watu hawa kama walinzi wa mlango wenye wivu. Waliona hatari ya kweli. Kwao arudhi ilikuwa ndiyo mahakama pekee ambayo mtu maskini na waziri walihukumiwa ndani yake kwa sheria moja, maana silabi zikizidi zimezidi, awe nani aliyezitunga. Ukiiondoa mizani, nani atasema shairi la mkubwa ni baya? Atasema mhakiki wa chuo kikuu. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwa sababu ndivyo ilivyotokea kwa sehemu: shairi huru lilipata makao katika diwani na katika mihadhara, mbali na msomaji wa gazeti ambaye aliweza kulijibu kwa beti zake.

Hata hivyo, walikosea katika jambo moja la historia. Waliitetea sheria ya 1954 kana kwamba ni sheria ya ushairi wote wa Kiswahili tangu enzi. Mwaka 1988 Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu, alionyesha kwa mifano ya gungu na tanzu nyingine za pwani kwamba mapokeo ya Waswahili ni mapana kuliko bahari moja ya mizani kumi na sita. Shairi, kwa maana ya kitabu cha Amri, lilikuwa utungo mmoja miongoni mwa nyingi. Kwa maneno mengine, msimamizi aliyewafukuza wageni kwa jina la wazee hakuwa amewasikiliza wazee wote. Inastaajabisha kwamba marekebisho hayo yalitoka kwa mtafiti wa pwani, upande uliodhaniwa kuwa ngome ya sheria.

Leo mashairi huru yanafundishwa katika shule za Kenya na Tanzania pamoja na yale ya arudhi, na Kezilahabi, aliyefariki Januari 2020, anasomwa kama mmoja wa washairi wakuu wa lugha hii. Kurasa za mashairi za magazeti, kwa upande wake, zimebaki kwa sehemu kubwa katika vina na mizani. Pande mbili hazibishani tena kwa ukali wa miaka ile; kila mmoja umepata chumba chake, na kila chumba kina mhariri anayewapokea wageni wake mwenyewe. Mwanafunzi anayetaka kuyasikia malumbano yenyewe, pamoja na hasira na kejeli zake, hana budi kukitafuta kitabu cha Mayoka na kile cha Kahigi na Mulokozi, avifungue juu ya meza moja, na kuvisoma kwa zamu.